Nyumba ya Gazi na Warithi Wake



Ndugu msomaji, mwezi wa Rajab uliopita, kaskazi ikiwa bado yavuma, nilikwenda Gazi kumjulia hali mama yangu mdogo. Nilikuwa nimenuia kulala usiku mmoja. Nikalala mitatu, na niliporudi Mombasa nilikuwa na daftari la shule lenye majina kumi na tisa. Habari ya daftari hilo ndiyo ninayotaka kuisimulia, kwa sababu nadhani nyumba nyingi za pwani yetu zinahitaji daftari la namna hiyo, na yetu ilichelewa mno kulipata.

Gazi iko kiasi cha kilomita hamsini kusini mwa Mombasa. Ukishavuka feri ya Likoni, hushika barabara kuu iendayo Lunga Lunga hadi mpakani mwa Tanzania. Ukunda, watalii na wafanyakazi wa mahoteli hukata kushoto kwenda Diani, nawe ukaendelea mbele ukipita Mwabungo na mashamba ya minazi, mpaka ufike mahali ambapo njia ndogo ya vumbi huteremka kuelekea bahari. Mwisho wa njia hiyo kuna kijiji, na mwisho wa kijiji kuna mikoko.

Ni kijiji kidogo chenye jina kubwa katika historia. Baada ya Wamazrui kuondolewa Mombasa na Seyyid Said mwaka 1837, tawi moja lao lilikwenda Takaungu na jingine likaja kukaa Gazi. Hapa ndipo alipotawala Sheikh Mbaruk bin Rashid, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896, kisha akavuka na watu wake kuingia nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani. Alifariki Dar es Salaam mwaka 1910. Wadigo ndio wengi katika pwani hii ya kusini, na pamoja nao wapo Washirazi, Wavumba, kizazi cha Wamazrui, na wavuvi wenye asili ya Pemba. Wameoana kwa vizazi vingi, hata ukimwuliza mtu wa Gazi kabila lake, wakati mwingine hukuanzia kwa bibi zake.

Nyumba ya babu iko upande wa kusini wa kijiji. Niliizoea tangu utoto, lakini safari hii niliitazama kama mgeni aitazamavyo. Ni nyumba ya Kiswahili ya mtindo wa kale: mlango wa mbele, baraza mbili za udongo, ukumbi mrefu unaokwenda moja kwa moja hadi uwani, na vyumba vinne, viwili kila upande. Kiunzi chake ni cha boriti na fito za mikoko, kimejazwa vipande vya mawe ya matumbawe na kukandikwa udongo mwekundu, kisha kikapigwa chokaa. Chokaa imebanduka. Pembe ya magharibi imeinama. Paa ni la makuti, nayo makuti yameshaoza kiasi cha kuiona mbingu ukilala chali katika chumba alichokuwa akilala bibi. Mama mdogo ametandaza karatasi ya nailoni juu ya kitanda, na chini ya kila tundu ameweka sufuria.

"Masika yaliyopita," aliniambia, "tulihamia ukumbini sote. Masika haya sijui tutahamia wapi."

Katika uwanja ule ule yapo majengo mengine mawili. Binamu yangu, mwana wa marehemu mjomba mkubwa, anayefanya kazi hotelini Diani, amejenga nyumba ya matofali ya saruji iliyoezekwa mabati. Nyuma yake kuna kibanda cha udongo anamokaa mjane mdogo wa mjomba huyo pamoja na mwanawe. Kisima ni kimoja, choo ni kimoja, na mwembe ni mmoja.

Usiku wa kwanza, baada ya Isha, nilimwuliza mama mdogo swali jepesi: hapa mnaishi watu wangapi? Alicheka. Akasema swali hilo aliwahi kuulizwa na karani wa sensa mwaka 2019, na lilimshinda.

Sensa ile, iliyoanza usiku wa tarehe 24 Agosti, ilikuwa ya kwanza nchini Kenya kutumia vifaa vya kompyuta badala ya karatasi. Karani hakuhesabu milango. Kwa kipimo cha sensa, watu wa nyumba moja ni wale wakaao katika mji mmoja, si lazima chini ya paa moja, wanaopika pamoja na wanaomtambua mkuu mmoja. Ndiyo maana katika uwanja wetu wa watu kumi na watano hakuandika nyumba moja, aliandika tatu. Chungu cha mama mdogo kinalisha watu wanane: yeye mwenyewe, binti yake aliyeachika, watoto wanne wa binti huyo, na wajukuu wengine wawili ambao wazazi wao wanatafuta riziki Ukunda. Chungu cha binamu kinalisha watano. Cha mjane kinalisha wawili.

Hesabu hiyo si ya ajabu katika kaunti yetu. Sensa ya 2019 iliwakuta Kwale watu 866,820 katika nyumba 173,176, yaani wastani wa watu watano kwa kila chungu, wakati wastani wa Kenya nzima haukufika wanne. Miaka kumi kabla yake, mwaka 2009, watu wa Kwale walikuwa 649,931. Basi katika miaka kumi tumeongezeka kwa thuluthi nzima. Ardhi haikuongezeka. Kiwanja alichokikata babu kwa ajili ya mke mmoja na watoto watano ndicho kile kile kinachobeba leo vyungu vitatu, na vijana wawili wa mjomba wanauliza watajenga wapi watakapooa.

Swali la karani lililomshinda mama mdogo halikuwa la idadi. Lilikuwa hili: mkuu wa nyumba ni nani? Alimjibu kwa kumtaja mjomba mdogo, kaka yake, ambaye anakaa Likoni na hajalala Gazi kwa miaka. Karani akamwambia kwamba huandikwa mtu anayeishi hapo. Akamtaja babu. Karani akauliza kama babu yuko ndani. Akajibu kuwa babu yuko makaburini tangu mwaka 1988. Hapo karani akaandika jina la mama mdogo mwenyewe.

Alinisimulia akicheka, kisha akanyamaza, akasema: "Kwa sensa mimi ni mkuu wa nyumba. Kwa hati ya kiwanja, mwenyewe bado ni baba. Na kwa watu wa hapa, mimi ni mwanamke aliyerudi kwao. Sasa niezeke paa la nani?"

Swali hilo lilinikosesha usingizi, zaidi ya mbu. Kwa miaka yote nilidhani nyumba ya babu inaanguka kwa sababu hakuna pesa. Lakini binamu amepata pesa za kununua saruji na mabati, akajenga hatua thelathini kutoka hapo. Mimi mwenyewe nimetia vigae upya katika nyumba ya kupanga mjini. Pesa zipo kidogo kidogo katika mikono mingi. Ila hakuna aliyekubali kupigilia msumari katika paa ambalo hajui ni lake kiasi gani.

Asubuhi yake nilitembea kijijini kuzitazama nyumba nyingine. Nilikuwa nataka kujua kama ni sisi peke yetu. Hatukuwa peke yetu. Niliona nyumba kadhaa za aina ile ile, kubwa, nzuri kwa mpango wake, zimeachwa zikinyeshewa, na kando ya kila moja kuna nyumba ndogo mpya ya mabati ya mmoja wa watoto. Fundi mmoja mzee niliyemkuta barazani alinieleza tofauti. Nyumba ya makuti, alisema, haijengwi mara moja. Hujengwa kila baada ya miaka michache. Makuti huchoka, udongo huhitaji kukandikwa tena, fito huliwa na mchwa. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya wote: wanawake husuka makuti, vijana hupanda juu kuezeka, wenye nyumba hupika. Nyumba ya namna hiyo husimama maadamu watu wake wanajuana ni nani wa kuitwa. Wakiacha kujuana, miaka mitano inatosha.

Na boriti zenyewe hazikatwi tena ovyo. Mikoko ya ghuba ya Gazi ilikatwa sana miaka ya 1970 kwa kuni za viwandani na miti ya kujengea, hata sehemu kubwa ikabaki tope tupu. Tangu mwaka 1991 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, pamoja na wanakijiji, wamekuwa wakiipanda upya. Mwaka 2013 ulianza mradi wa Mikoko Pamoja, unaowahusu watu wa Gazi na Makongeni: hekta 117 za mikoko hulindwa, na hewa ya kaboni inayohifadhiwa humo huuzwa kwa watu wa nchi za mbali wanaotaka kufidia moshi wao. Mapato yake yameleta maji ya bomba na kusaidia shule. Mwaka 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Nilipita juu ya daraja la mbao ambalo akina mama wa Gazi huwatembezea wageni ndani ya mikoko, maji yakiingia polepole chini ya miguu, nikawaza: kijiji hiki kimeweza kuhesabu miti yake, kujua ni ya nani, na kugawana faida yake kwa uwazi. Sisi, watu wa nyumba moja, hatujaweza kuhesabiana.

Jioni hiyo ndipo mama mdogo aliponieleza jambo alilokuwa akilificha. Mmoja wa binamu zetu alikuja mwezi uliotangulia na dalali. Bei za viwanja zimekuwa zikiteremka kutoka Diani kuja kusini pamoja na wanunuzi, na dalali alikuwa amepata mtu wa kununua uwanja mzima. Walipima kwa hatua, wakapiga picha, wakaondoka. Hakuna aliyemwuliza lolote. Yeye alikuwa uwani anapepeta mchele.

Tusimlaumu kijana huyo haraka. Alifanya lile ambalo kila mmoja wetu aliliacha wazi lifanyike. Watu wa pwani hii wanajua vizuri kuliko wengine gharama ya jambo lisiloandikwa. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai ya ardhi ya pwani wayapeleke kuandikishwa. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Waliokuwa na makaratasi, au waliojua njia ya ofisini, waliandikiwa. Wengi waliokuwa na minazi, makaburi na kumbukumbu tu hawakuandikiwa, na wajukuu wao wanaitwa maskwota hadi leo. Hilo tulitendewa na wengine. Hili la nyumba zetu tunajitendea wenyewe.

Na si kwamba hatuna muongozo. Mwenyezi Mungu hakutuachia tubahatishe. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 11 na ya 12, mafungu yametajwa moja moja. Usiku wa pili nilikaa na mwalimu wa madrasa, akatufanyia hesabu kwa chaki juu ya ubao wa watoto. Babu aliacha mke mmoja, wana wawili na mabinti watatu. Baada ya deni na wasia, mke mwenye watoto hupata thumuni, yaani sehemu moja katika nane. Sehemu saba zilizobaki huenda kwa watoto, mwana akipata mara mbili ya binti: wana sehemu mbili mbili, mabinti moja moja. Zikatimia nane bila kubaki kitu. Bibi alipofariki baadaye, na watoto wake wote watano wakiwa hai, thumuni yake ikaenda kwao kwa kipimo hicho hicho. Basi mwisho wake mali ikawa mafungu saba: mawili ya mjomba mkubwa, mawili ya mjomba mdogo, na moja moja kwa mama mkubwa, mama yangu na mama mdogo.

Laiti tungeligawa siku ile, kazi ingekwisha kwa watu watano ukumbini. Lakini hatukugawa. Mjomba mkubwa akafariki akaacha wajane wawili na watoto saba. Mama mkubwa akafariki akaacha watoto sita. Mama yangu akafariki akatuacha mimi na dada yangu. Mjomba mdogo na mama mdogo wangali hai. Mwalimu aliandika, akafuta, akaandika tena. Warithi wakawa kumi na tisa, kutoka Gazi hadi Likoni hadi Maskati. Fungu langu lilitoka sehemu mbili katika ishirini na moja, na la dada yangu sehemu moja. Nilikuwa nimelala katika nyumba hiyo tangu utoto, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kujua kuwa kipande cha tundu lile la paani ni changu.

Mama yangu hakuwahi kulidai fungu lake. Aliolewa Mombasa, akaambiwa ana kwake, naye akaona haya kuonekana anawagombania kaka zake udongo. Ninadhani wako mama wengi wa namna hiyo. Kimya chao tumekiita heshima. Lakini haki aliyoikadiria Mola haifutwi na haya ya mwenye haki, na kaka anayekaa kimya kwa sababu dada hajauliza bado amebeba kitu kisicho chake.

Kulikuwa na shaka nyingine ambayo sikuitarajia. Nilipoanza kuuliza majina, binamu wa nyumba ya mabati alinitazama kwa jicho la pembeni. Baadaye nilifahamishwa sababu. Kwa mila ya kale ya Kidigo, mali ya mtu ilirithiwa na mpwa wake, mtoto wa dada, si na mwanawe. Uislamu ulipokita mizizi, mirathi ya sharia ilichukua nafasi yake, lakini ugomvi wa watoto na wapwa juu ya mashamba uliendelea kwa miaka mingi, na kumbukumbu yake haijafa. Mimi ni mpwa. Nilipofika na daftari, aliona mpwa amekuja kudai. Nilimwonyesha ubao wa mwalimu, kwamba fungu la marehemu baba yake ni mara mbili ya la mama yangu. Hapo ndipo aliposema: "Basi keti, tuhesabu vizuri."

Siku ya tatu, baada ya sala ya Ijumaa, tulikutana chini ya mwembe, watu tisa; wengine wanne walisikiliza kwa simu. Sitasema tulimaliza. Binamu mwenye mnunuzi alikasirika, akaondoka kabla ya chai. Mjomba mdogo alisema uwanja usiguswe maadamu yu hai. Wajane wawili waliuliza, na kwa haki, kwa nini hawakuwahi kuitwa kabla. Tuliafikiana mambo matatu tu. La kwanza, hakuna atakayeleta dalali mpaka jambo lifike kwa Kadhi Kwale, ambaye Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imempa mamlaka ya kuamua mirathi ya Waislamu wanaoridhia kwenda kwake. La pili, hati itolewe jina la marehemu. La tatu, paa la nyumba kubwa liezekwe kabla ya masika, kila mmoja akichangia kwa kipimo cha fungu lake, na kila shilingi iandikwe.

Hilo la tatu ndilo lililowafurahisha hata waliokuwa wamenuna, kwani kwa mara ya kwanza kila mtu alijua anadaiwa nini. Mama mdogo, aliyebeba nyumba hiyo kwa mikono yake miaka yote hii, alitoa wa kwanza. Alileta makuti aliyoyasuka mwenyewe, akaomba yahesabiwe.

Ndugu msomaji, labda nawe una nyumba ya babu mahali fulani, Msambweni, Vanga, Tiwi au Wasini. Kabla ya kwenda Idi hii, nunua daftari. Andika aliyefariki, mwaka aliofariki, na aliowaacha, wanaume kwa wanawake, wa karibu na wa ng'ambo. Andika nani analala humo sasa, na nani anapika. Andika hati iko kwa nani na ina jina la nani. Kisha mpelekee mwalimu anayejua ilmu ya mirathi, na umwulize kwa unyenyekevu. Ukiona majina yamezidi ubao, ujue kila mwaka unaopita utayazidisha.

Nilipokuwa nikiandika makala haya nilipigiwa simu kutoka Gazi. Nusu ya paa imekwisha, upande wa chumba cha bibi. Wameishiwa kamba, na bado michango sita haijafika. Mmoja wa hao sita ni dada yangu, na mwingine ni mimi. Nimetuma leo.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na atujaalie kuwarudishia wenye haki haki zao tungali hai. Amin.

Wassalaam.